Wageni wa Gombe Waliolala Fizi

Anayetoka Uvira kwenda Baraka, mashariki mwa Kongo, akifika Makobola, mkono wa kulia ana mlima na wa kushoto ana Ziwa Tanganyika. Ng'ambo ni Burundi. Ukilifuata ziwa kusini zaidi, ufuko ule wa mashariki unakuwa wa Tanzania, na hapo, kama kilomita 16 kaskazini ya Kigoma, ndipo ilipo Gombe, mojawapo ya hifadhi ndogo kabisa za taifa nchini humo. Watu wengi wa Fizi, eneo la Kongo lenye mji wa Baraka, hawajawahi kukanyaga Gombe. Hata hivyo historia ya hifadhi ile haisimuliki bila wao.

Julai 1960 Jane Goodall, msichana Mwingereza wa miaka 26, alifika Kigoma na mama yake ili aende kuwachunguza sokwe. Akakuta mji umefurika. Kongo ilikuwa imepata uhuru tarehe 30 Juni, jeshi likaasi, na Wabelgiji walikuwa wakivuka ziwa kwa mamia. Safari ya Gombe ikacheleweshwa, na mama na binti wakashika visu vya mikate, kuwatengenezea wakimbizi chakula. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mtafiti huyo katika pwani ile ilitokana na misukosuko ya Kongo. Baada ya miezi michache alimwona sokwe aliyempa jina David Greybeard akichokoa mchwa kwa unyasi, na dunia ikalazimika kukubali kwamba si binadamu peke yake anayetengeneza zana. Gombe ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Wanafunzi wa ng'ambo wakaanza kumiminika.

Upande wa pili ziwa lilikuwa na wageni wa aina nyingine. Aprili 1965 Che Guevara alivuka kutoka Kigoma hadi Kibamba kuwasaidia waasi. Novemba akaondoka bila ushindi. Laurent-Désiré Kabila, mmoja wa viongozi wa waasi hao, alibaki. Desemba 1967 alianzisha chama cha PRP, na milima ya Fizi ikawa kama nchi ndani ya nchi, ikiishi kwa kilimo na kwa dhahabu na pembe za ndovu zilizovushwa kwa magendo. Ndiyo maana, miaka ambayo watalii walikuwa wakipanda Kahuzi-Biega, karibu na Bukavu, kuwatazama gorila wa mhifadhi Adrien Deschryver, Fizi haikuwa na mtalii. Rais Mobutu mwenyewe hakuweza kuishika.

Usiku wa tarehe 19 Mei 1975 mashua iliyobeba watu wapatao 40 wenye silaha ilitia nanga Gombe. Wafanyakazi Watanzania waliulizwa wazungu wamelala wapi. Mmoja alipigwa kwa kukataa kuwaonyesha. Wanafunzi wanne, Wamarekani watatu na Mholanzi mmoja, walifungwa na kuvushwa hadi milima ya Fizi.

PRP ilidai pesa, silaha na kuachiwa kwa wafuasi wake waliofungwa Tanzania. Mmoja wa mateka alirudishwa baada ya wiki moja ili apeleke madai hayo. Serikali ya Nyerere haikutaka kujadiliana na watekaji, na ya Marekani vilevile, lakini balozi wa Marekani Dar es Salaam, Beverly Carter, alizisaidia familia. Fedha zilipatikana, na mateka wa mwisho akaachiwa Julai. Carter alimkasirisha waziri wake, Henry Kissinger, akaitwa nyumbani. Kabila hakuadhibiwa na yeyote. Mei 1997 aliapishwa kuwa rais wa nchi nzima.

Gombe ndiyo iliyobadilika. Wanafunzi wa kigeni waliondolewa, na wengi walidhani utafiti umekufa. Haukufa. Daftari zilishikwa na vijana wa vijiji vya jirani, ambao awali waliitwa wasaidizi tu. Hilali Matama, mmoja wao, mwaka 1974 alikuwa ameshuhudia sokwe wa kundi la Kasakela wakimshambulia Godi, sokwe wa kundi la Kahama, mwanzo wa vita vya miaka minne vilivyoishangaza sayansi. Kumbukumbu za mwisho za vita hivyo, hadi 1978, zimeandikwa zaidi kwa mikono ya Watanzania. Mwandishi anayesema Gombe ni kazi ya mwanamke mmoja anawapunja.

Fizi haikupata amani. Makobola yenyewe ilijulikana duniani kwa mauaji ya mamia ya raia, mwishoni mwa Desemba 1998 na mwanzoni mwa Januari 1999. Mwaka 2006 wizara huko Kinshasa ilitangaza milima ya Itombwe, ambayo sehemu yake imo Fizi, kuwa hifadhi, wenyeji wakiwa hawajaulizwa. Walipinga, na mipaka ikaja kupunguzwa sana mwaka 2016.

Goodall alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na miaka 91. Hadi sasa hakuna barabara inayoingia Gombe: mgeni hupanda boti Kigoma na kuelekea kaskazini, milima ya Kongo ikiwa mkono wake wa kushoto.