Hakuna Faili Wala Saraka Kama Hiyo

Faili ipo. Unaiona kwa macho yako, jina lake ni lile lile, na ni wewe uliyeiweka hapo jana. Unaiambia kompyuta ijenge programu, nayo inakujibu kwa maandishi mekundu kwamba hakuna faili wala saraka kama hiyo. Unarudia, jibu halibadiliki. Yeyote aliyejifunza kuandika programu, awe chuoni ama YouTube saa nane za usiku wakati bando ni rahisi, anaijua hiyo sentensi. Kwenye orodha ya makosa ya Unix ina namba yake kabisa: namba 2. Namba 1 ni kukuambia huna ruhusa. Yaani kabla ya kosa lingine lolote, wazee walifikiria mambo mawili: umekatazwa, ama umepotea.

Lakini isome tena polepole. Kompyuta haijui kama faili ipo duniani au haipo. Inachojua ni kwamba imeenda mahali fulani, ikaangalia, haikuona kitu. Swali la maana ni nani aliyeituma huko. Mara nyingi si wewe. Ni watu walioamua mambo kabla hata wazazi wetu hawajakutana, kwa sababu zilizokuwa za haki siku hiyo na ambazo leo hazina kichwa wala miguu.

Twende Murray Hill, New Jersey, mwaka wa 1971. Ken Thompson na Dennis Ritchie wako Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani, wanaunda Unix juu ya mashine iitwayo PDP-11. Diski walizokuwa nazo zilikuwa ndogo kiasi kwamba picha moja uliyopiga leo kwa simu ingeweza kuzijaza. Ya kwanza ilibeba mfumo wenyewe. Ya pili ilibeba mafaili ya watumiaji, kwa hivyo wakaiita usr. Ni neno la Kiingereza la mtumiaji lililong'olewa herufi moja, basi. Ukikutana na mtu anakueleza kwamba usr ni kifupi cha maneno fulani mazito ya kitaalamu, mwache amalize chai yake. Maelezo hayo yalibuniwa baadaye.

Mfumo ukakua, diski ya kwanza ikajaa. Wakafanya kile ambacho yeyote mwenye chumba kimoja angefanya: vitu vilivyokosa nafasi vikahamia kwa jirani. Programu zilizokuwa zikikaa /bin zikapata ndugu zao kule /usr/bin, na maktaba za /lib zikapata tawi /usr/lib. Kukawa na sharti moja: kile kinachohitajika ili mashine iamke na kuifungua diski ya pili lazima kibaki kwenye ya kwanza. Hilo ndilo lote. Baadaye watumiaji wenyewe walihamishwa, na kwenye Linux za leo wanaishi /home, ila jina usr likabaki mlangoni kama bango la duka lililofungwa. Diski zikawa kubwa mara maelfu, na mgawanyo ukabaki. Mnamo 1994 watu wa Linux waliketi wakaandika kanuni za nini kikae wapi, na ule msongamano wa 1971 ukawa sasa ni sheria.

Ndiyo maana kompaila ya C, ukiiambia ilete stdio.h, hukimbilia /usr/include bila kukuuliza. Ukiandika jina la faili ndani ya alama za mtajo, itaanza kutafuta kando ya faili yako. Ukitumia mabano yenye ncha, itaenda moja kwa moja kwenye saraka za mfumo. Tofauti ya alama mbili ndogo, na mtu anaweza kukesha hapo.

Amri nazo zilikuwa na historia yao. Mwanzoni Unix ilitafuta programu mahali palipoandikwa ndani yake, /bin kisha /usr/bin. Mnamo 1979, toleo la saba lilipotoka na ganda jipya la Stephen Bourne, kukawa na orodha iitwayo PATH, ambayo kila mtu angeweza kuipanga atakavyo: sehemu hii, nukta mbili, sehemu ile, nukta mbili, na kuendelea. Mashine hupita toka kushoto, na inapokuta jina inalolitafuta inasimama hapo hapo. Haina habari kwamba kuna lingine bora mbele. Kwa hivyo ukiambiwa amri haijulikani, usikimbilie kuiweka programu upya mara ya tatu. Chapisha hiyo PATH uone kama mahali ulipoiweka pametajwa. Na ukiwa na Python mbili na ile isiyotakiwa ndiyo inayoitika, andika which, kisha jina la programu, utaonyeshwa ni ipi inayojibu. Ni kama kuita "Kamau!" pale Tea Room. Atageuka aliye karibu.

Kisa ninachokipenda zaidi kuliko vyote ni cha 1976, bado tuko Bell Labs. Steve Johnson anaingia ofisini kwa Stuart Feldman akiwa amefura. Amepoteza asubuhi nzima akitafuta hitilafu kwenye programu isiyo na hitilafu. Alikuwa amesharekebisha msimbo, ila faili iliyotokana nao haikujengwa upya, kwa hivyo kila alipojaribu alikuwa anaendesha kitu cha zamani. Feldman naye alikuwa ametoka kuumia vivyo hivyo. Akaandika make wikendi moja: programu inayosoma orodha ya kipi kinategemea kipi, inalinganisha saa za mafaili, na inajenga upya kile tu kilichopitwa na wakati. Leo, ukiona mashine ikisema haina kanuni ya kutengeneza kitu fulani kisha ikasimama, ni make. Maana yake: umenitajia faili, sijaiona, na hakuna aliyeniambia jinsi ya kuitengeneza. Tazama jina iliyolitaja herufi kwa herufi. Aghalabu ni saraka imehamishwa na orodha haikuambiwa.

Sasa sikiliza. Kwenye orodha hiyo, kila mstari wa amri ni lazima uanze kwa kitufe cha Tab. Nafasi nane hazikubaliki, hata kama kwa macho ni sawa kabisa. Feldman amewahi kueleza kwamba aligundua mapema kuwa jambo hilo lina shida, lakini tayari alikuwa na watumiaji kama kumi na wawili hivi, karibu wote marafiki, na hakutaka kuwavurugia kazi. Kumi na wawili! Mwaka wa 2003 alipewa tuzo ya ACM kwa kazi hiyo, na ilimstahili. Lakini mimi kila nikimwona kijana Nairobi akisugua macho mbele ya kosa la Tab, nawafikiria wale marafiki kumi na wawili.

Upande wa pili wa mji, Microsoft walikuwa na mkosi wao. MS-DOS ya kwanza, 1981, haikuwa na saraka kabisa. Mafaili yote yalikaa sebuleni. Mnamo 1983 toleo la pili likaja pamoja na IBM PC XT iliyokuwa na diski ya megabaiti 10, na sasa ilibidi kuwe na vyumba. Unix ilitenganisha saraka kwa mkwaju, ule tuliofunzwa kwenye uakifishaji. Lakini DOS ilikuwa tayari inautumia mkwaju kwa kazi nyingine, kuonyesha machaguo ya amri. Wakaugeuza. Nukta mbili nayo ilikuwa imeshachukuliwa na C: ya jina la diski, kwa hivyo orodha ya PATH huko ikatenganishwa kwa nukta mkato.

Ungedhani ni mapambo tu. Lakini ndani ya lugha ya C mkwaju uliogeuzwa ulikuwa na maana yake tangu miaka ya sabini: herufi inayoufuata ni ishara. Ukifuatwa na n ni mstari mpya, ukifuatwa na t ni Tab. Lugha nyingi zilizokuja baadaye, Python na JavaScript zikiwemo, zikarithi tabia hiyo. Sasa jaribu kuandika ndani ya programu njia ya C:\nairobi\taarifa. Unachokiona wewe ni saraka. Inachokiona mashine ni C: halafu mstari mpya, halafu airobi, halafu Tab, halafu aarifa. Kisha inakuambia haikuona faili, na kwa kweli haisemi uongo. Dawa ni kuandika mikwaju miwili miwili, ama kutumia ule wa kawaida, kwa sababu Windows huukubali pia mahali pengi.

Windows 95 ikaongeza yake. Majina ya mafaili yakaruhusiwa kuwa marefu na kuwa na nafasi katikati, na programu zikapangiwa kukaa Program Files. Zana nyingi za kujenga programu zilitokana na ulimwengu wa Unix, ambako nafasi ndiyo inayotenganisha neno na neno. Kwa hivyo ukinunua laptopu ukajisajili kwa majina yako mawili, lako na la baba, zana isiyo makini husoma njia hadi jina lako la kwanza ikaishia hapo. La baba inalichukua kuwa faili nyingine. Zungushia njia nzima alama za mtajo. Ama weka mradi mahali pasipo na nafasi. C:\kazi inatosha.

Haya yangekuwa porojo za historia kama yasingekuwa yanaondoa watu. Nimekuwa nikisaidia darasa la Jumamosi la programu za Android, na mwaka juzi alikuja dada mmoja kutoka Githurai na laptopu ya mitumba. Mradi wa mazoezi ulikuwa ukipitishwa kwa flashi kutoka mtu hadi mtu ili kuokoa bando. Wenzake wakaendelea, yeye akabaki palepale, anaambiwa SDK haijulikani ilipo. Wiki mbili. Ya tatu akaja kuaga.

"Mwalimu, mimi naona hii kitu ni ya watu wa hesabu. Acha nirudi kwa duka ya shangazi."

Nikamwomba anionyeshe kosa, tena lile la kwanza juu kabisa. Ya chini huwa mwangwi tu. Kwenye mradi kulikuwa na faili iitwayo local.properties. Kazi yake ni moja: kueleza SDK iko wapi kwenye kompyuta hii. Njia iliyoandikwa humo ilikuwa ya kompyuta ya aliyeuandaa mradi, na jina lake mwenyewe katikati. Juu ya faili, Android Studio ilikuwa imeandika onyo lake la kawaida kwamba isipelekwe kwa wengine pamoja na msimbo. Wenzake walikuwa wameufungua mradi ndani ya Android Studio, ambayo hurekebisha hilo yenyewe. Laptopu yake haikuwa na nguvu ya kuibeba, kwa hivyo alikuwa akijenga kwa amri kwenye terminali, na huko hakuna wa kukurekebishia.

"Kwa hivyo ilikuwa inatafuta kwa nyumba ya mtu mwingine?"

"Eeh."

"Na hakuna mtu aliniambia."

Tulibadilisha mstari mmoja. Alicheka, halafu akanyamaza kidogo, na nadhani alikuwa anahesabu zile Jumamosi mbili na nauli yake.

Hata wakubwa hukwama. Tarehe 22 Machi 2016, Azer Koçulu, mwanaprogramu aliyekuwa amegombana na npm kuhusu jina la kifurushi chake kiitwacho kik, aliondoa vifurushi vyake vyote, 273. Kimoja kilikuwa left-pad, mistari 11 tu ya kujaza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Babel ilikuwa inakitegemea kwa kupitia vifurushi vingine, na waliokuwa wanaitegemea Babel wakajikuta hawawezi kujenga kitu. Wengi hawakuwahi hata kulisikia jina left-pad. Npm walikirudisha baada ya takriban saa mbili, bila kumsubiri mwenyewe, kisha wakabadilisha kanuni za kuondoa vifurushi. Tofauti ni kwamba siku hiyo dunia nzima ilipiga kelele, na kosa likapata mwenyewe upesi. Kule Jumamosi mtu alipiga kelele peke yake, tena moyoni.

Na ile diski iliyojaa New Jersey? Mwezi wa Mei 2012 Fedora 17 ilitoka ikiwa imeunganisha tena vile vyumba, na Linux nyingine zikafuata moja baada ya nyingine. Kama una Linux ya karibuni, fungua terminali, andika ls -l / na utafute mstari wa bin. Utaona mshale mdogo unaoelekeza usr/bin. Saraka yenyewe haipo tena. Imebaki anwani tu, kwa ajili ya programu ambazo bado huenda kubisha pale pale pa zamani.