Jinsi Hoteli za Mediterania Zilivyofungua Milango kwa Watoto

Mzazi anayefika leo Antalya, Mallorca au Hammamet na wanawe hufungwa bangili ya plastiki mkononi, akaonyeshwa bwawa lenye mabomba ya kuteleza na kutajiwa saa za chakula. Kwake hayo ni mambo ya kawaida, kana kwamba bahari ile iliumbwa kwa ajili ya mapumziko. Sivyo. Kwa karne nyingi pwani ya Mediterania ilikuwa mahali pa kuvua samaki, kupakia shehena na kuwachelea maharamia. Watoto walialikwa mwisho kabisa.

Warumi waliitangulia dunia katika anasa hii. Huko Baiae, karibu na Napoli, matajiri wao walijenga majumba ya starehe kando ya chemchemi za maji moto. Ardhi ile ya volkano imeshuka tangu wakati huo, na sehemu kubwa ya mji imelala chini ya maji.

Ufuko ulirudi kuthaminiwa katika karne ya 18, lakini kwa mlango wa tiba. Waganga wa Uingereza waliwaagiza wagonjwa wajitose katika bahari yao ya baridi, na wenye fedha wakaanza kuhamia kusini kuyakimbia majira ya baridi. Barabara ya Promenade des Anglais mjini Nice ilianza kujengwa miaka ya 1820. Mwaka 1834 karantini ya kipindupindu ilimzuia Lord Brougham, mwanasiasa wa Uingereza, asiingie Nice; akageukia Cannes, kijiji cha wavuvi, akajenga nyumba huko, na wakubwa wenzake wakamfuata. Reli ilifika Nice mwaka 1864. Hata hivyo hoteli za fahari za pwani hiyo zilifungwa kiangazi kilipokaribia, kwa kuwa jua kali lilihesabiwa kuwa adui wa afya na wa ngozi ya kiungwana. Msimu ambao leo chumba hakipatikani ndio uliokuwa msimu wa makufuli.

Desturi hiyo ilivunjwa na familia. Mwaka 1923 Wamarekani Gerald na Sara Murphy, wenye watoto watatu wadogo, walimshawishi mwenye Hôtel du Cap kule Antibes asifunge kiangazi. Lakini hao walikuwa na mali ya urithi. Mfanyakazi wa kiwanda alisubiri hadi Juni 1936, serikali ya Léon Blum nchini Ufaransa ilipopitisha sheria ya wiki mbili za likizo yenye malipo. Kwa maoni yangu, sheria hiyo ndiyo mama wa hoteli ya familia, kuliko mchoro wa msanifu yeyote.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, mwaka 1950 ulizaa mambo mawili. Mfanyabiashara Vladimir Raitz aliwapeleka Waingereza kwa ndege hadi Calvi, Corsica, kwa pauni 32 na shilingi 10, ndege, hema na chakula vikiwa ndani ya bei hiyo. Mbelgiji Gérard Blitz akaanzisha Club Méditerranée kwa mahema ya Alcúdia, Mallorca. Jipya hapa lilikuwa bei moja inayolipwa kabla ya kuondoka nyumbani, na hakuna anayehitaji uhakika huo zaidi ya mzazi mwenye watoto wanaoomba aiskrimu kila saa.

Hispania ya dikteta Franco, yenye njaa ya fedha za kigeni, iliufungua mlango wazi. Benidorm ulikuwa mji wa wavuvi wa jodari. Meya wake, Pedro Zaragoza, alisimamia mpango wa mji wa mwaka 1956 na akaruhusu bikini kwenye fukwe zake. Husimuliwa kwamba alipanda pikipiki ya Vespa hadi Madrid kumweleza Franco mwenyewe jambo hilo la bikini. Ndege za kukodi za injini za jeti zikafuata, na ghorofa zikaota ufukweni kama uyoga.

Uturuki ilichelewa, lakini kwa sheria ya utalii ya mwaka 1982 serikali iliwakodisha wawekezaji ardhi ya umma kwa muda mrefu. Kati ya Kemer na Side zikajengwa hoteli zilizo kama vitongoji, na katika miaka ya 1990 mtindo wa kila kitu kuwa ndani ya bei ukatawala. Mgeni akawa hana haja ya kutoka getini, na mwenye mgahawa wa nje akabaki kuitazama barabara. Watoto nao huogelea bwawani, hatua chache tu kutoka baharini.

Mtindo huu wa likizo za bei moja ulionyesha udhaifu wake Septemba 2019, kampuni ya utalii ya Thomas Cook, yenye mizizi ya mwaka 1841, ilipoanguka huku wateja wake wapatao 600,000 wakiwa safarini. Na Julai 2024 maelfu ya wakazi waliandamana mjini Palma kudai watalii wapunguzwe, wakilalamikia bei ya nyumba. Palma ni mji mkuu wa Mallorca, kisiwa kilekile kilichopokea mahema ya Blitz.