Maswali ya mbunge na fedha za umma: Mfano wa kisiwa cha Mombasa

KUULIZA si ujinga, walisema wahenga. Bungeni, kuuliza ni wajibu. Swali linapohusu fedha za umma, jibu lake ndilo humwezesha mlipa ushuru kujua pesa zake zimekwenda wapi.

Suala hili lina uzito wa kipekee kwa wakazi wa kisiwa cha Mombasa, ambacho chote kimo katika eneobunge la Mvita. Eneobunge hilo lina wadi tano: Mji wa Kale/Makadara, Tudor, Tononoka, Majengo na Shimanzi/Ganjoni. Upande wa mashariki ipo bandari ya kale ya majahazi, na upande wa magharibi ipo Kilindini, lango kuu la bidhaa zinazoingia Kenya, Uganda na nchi jirani.

Utajiri huo hupita mlangoni mwao kila siku, lakini hautui. Kwa mujibu wa Kifungu cha 209 cha Katiba, ni serikali ya kitaifa pekee inayoweza kutoza ushuru wa forodha, kodi ya mapato, ushuru wa bidhaa na VAT. Kaunti imeachiwa kodi ya ardhi na majengo, ushuru wa burudani na ada za huduma inazotoa. Ndiyo maana mwakilishi wa kisiwa anapotaka kujua habari za mapato ya bandari, hana budi kuielekeza hoja yake Nairobi.

Kabla ya 2010

Chini ya katiba ya zamani, mawaziri walikuwa wabunge na walijibu maswali ukumbini, wao wenyewe au kupitia mawaziri wasaidizi. Mbunge aliyeuliza aliweza kuongeza swali la nyongeza papo hapo, na wenzake wakamuunga mkono.

Utaratibu huo ulikuwa na kasoro moja. Mbunge aliyeteuliwa serikalini hakuweza tena kuihoji serikali aliyoitumikia. Shariff Nassir, na baada yake Najib Balala aliyeiwakilisha Mvita kuanzia 2002 hadi 2013, kila mmoja alihudumu serikalini kwa vipindi fulani. Katika vipindi hivyo kisiwa kilikuwa na sauti barazani, lakini hakikuwa na mwulizaji wake Bungeni.

Baada ya 2010

Katiba mpya iliwatenganisha mawaziri na Bunge. Hata hivyo, Kifungu cha 153 kinamlazimu waziri kufika mbele ya kamati anapoitwa na kujibu swali lolote linalohusu wizara yake. Kifungu cha 125 kinazipa kamati uwezo kama wa Mahakama Kuu wa kuita mashahidi na kudai stakabadhi.

Kwa miaka kadhaa kuanzia 2013, majibu yalitolewa zaidi katika kamati. Mnamo 2023, baada ya kanuni kurekebishwa, mawaziri walianza kufika mbele ya kikao kizima cha Bunge la Taifa na cha Seneti.

Mbunge huandika swali lake na kuliwasilisha ili Spika aliidhinishe. Anaweza kutaka jibu la mdomo au la maandishi. Jibu la maandishi halina mvuto wa mjadala, lakini katika mambo ya fedha lina faida kubwa: takwimu hubaki katika kumbukumbu, na waziri hawezi kuzikana baadaye.

Swali la reli

Mfano bora ni ule wa reli ya SGR kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyozinduliwa Mei 2017. Iligharimu takriban Sh327 bilioni, na karibu asilimia 90 ya fedha hizo zilikuwa mkopo wa benki ya Exim ya China.

Mwishoni mwa 2018 ilifichuka barua ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali iliyotahadharisha kwamba mali ya Halmashauri ya Bandari Kenya (KPA) ingeweza kuwa hatarini iwapo mkopo haungelipwa. Serikali ilikanusha. Mwaka uliofuata, agizo la kusafirisha makasha kwa reli lilizua maandamano mjini Mombasa, kwani madereva wa malori, mawakala wa forodha na wenye maghala waliona riziki yao ikihamishiwa bara.

Katika Bunge la 12, hesabu za KPA zilikaguliwa na Kamati ya Uwekezaji wa Umma, iliyoongozwa na Abdulswamad Nassir, mbunge wa Mvita wakati huo. Lakini wananchi walitaka kuiona mikataba yenyewe.

Wanaharakati walikwenda mahakamani wakitumia Kifungu cha 35 kuhusu haki ya kupata habari, na Mei 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamuru mikataba itolewe. Novemba mwaka huo, Waziri wa Uchukuzi Kipchumba Murkomen alichapisha stakabadhi za mkopo. Septemba 2022, Rais William Ruto alikuwa tayari ameagiza shughuli za kuidhinisha mizigo zirejeshwe Mombasa.

Funzo ni kwamba swali lisiloambatana na stakabadhi hujibiwa kwa maneno matupu.

Mambo ya kuuliza

Kifungu cha 203 kinaagiza kaunti zote zipewe jumla ya angalau asilimia 15 ya mapato ya kitaifa. Lakini kiwango hicho hupigwa kwa hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Wabunge wakichelewa kuidhinisha hesabu, kipimo hubaki kuwa mapato ya miaka iliyopita. Hilo pekee ni swali linalostahili kuulizwa kila mwaka.

Mkazi wa Mji wa Kale naye hana haja ya kungoja uchaguzi. Anaweza kumwomba mbunge au seneta wake awasilishe swali, kupeleka malalamishi Bungeni chini ya Kifungu cha 119, au kuomba habari moja kwa moja kwa idara husika kupitia Sheria ya Kupata Habari ya 2016.

Majibu hunakiliwa katika kumbukumbu rasmi za Bunge, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge hilo. Swali kuhusu fedha za Kilindini laweza kuulizwa, na kujibiwa, kwa lugha ya watu wa Kilindini.