Kadi ya Mtu Asiye na Muda

Siku hizi mtu akipokea salamu ya Krismasi iliyotumwa kwa watu mia kwa mkupuo mmoja, hulalamika kwamba watu wamekuwa wavivu, tofauti na zamani walipotumiana kadi. Aliyeanzisha kadi zenyewe angecheka. Henry Cole, mtumishi wa serikali jijini London, aliagiza ya kwanza kuuzwa madukani mwaka 1843 kwa sababu hiyohiyo: barua zilimlemea, na muda hakuwa nao.

Mzigo huo, kwa kiasi fulani, alijitwika mwenyewe. Kabla ya mwaka 1840, barua nchini Uingereza kwa kawaida ililipiwa na mpokeaji, tena kwa kuhesabu umbali na karatasi. Cole alikuwa miongoni mwa waliomsaidia Rowland Hill kuuvunja utaratibu huo. Mtumaji akawa ndiye anayelipa, peni moja tu, barua nyepesi iende popote nchini. Watu wakaandika kwelikweli, na adabu ilidai kila salamu ijibiwe.

Cole akamwendea rafiki yake mchoraji, John Callcott Horsley. Huyo akachora familia iliyokusanyika mezani, bilauri za divai mikononi. Upande mmoja maskini wanalishwa, upande wa pili wanavishwa. Juu paliachwa nafasi ya jina la mpokeaji, chini la mtumaji. Zilichapwa nakala kama 1,000, zikatiwa rangi kwa mkono, na ambazo Cole hakuzihitaji zikauzwa shilingi moja moja. Shilingi ilikuwa peni 12, hivyo kadi ilikuwa ghali mara 12 kuliko kuituma. Kibarua angeitazama tu dirishani. Wapinga ulevi nao walikuja juu, maana mchoroni mtoto mdogo ananyweshwa divai.

Iliyoifikisha kadi kwa wengi ni mitambo ya kuchapa rangi. Louis Prang, mhamiaji kutoka Prussia mwenye kiwanda Boston, Marekani, aliingia katika biashara hiyo miaka ya 1870. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 alikuwa akichapa zaidi ya milioni 5 kwa mwaka.

Na yule ndege wa kwenye kadi, mwenye kidari chekundu juu ya theluji? Matarishi wa Uingereza walivaa makoti mekundu, wakabandikwa jina la ndege huyo, robin. Wachoraji wakamtia bahasha mdomoni, naye akaruka hadi kwenye maduka ya Nairobi na Dar es Salaam, Desemba ya jua kali. Huku kadi ilipitia sanduku la posta, mara nyingi la shule au kanisa, ikaishia kutundikwa kwenye uzi sebuleni, mgeni asome nani amemkumbuka mwenye nyumba. Kenya ikaipatia kadi hiyo mdogo wake: kadi ya kumtakia heri mtahiniwa.

Simu za mkononi zimezipunguza sana nyuzi hizo. Hata hivyo, salamu iliyochapwa haikuwahi kuwa hazina. Watu walifungua kadi wakitafuta mwandiko, ile mistari miwili ya habari za watoto na mvua. Mkono wa mtumaji ndio hazina: mwaka 2001, nakala mojawapo ya zile za 1843, ambayo Cole mwenyewe alimtumia bibi yake, ilinunuliwa mnadani Uingereza kwa zaidi ya pauni 20,000.