Ebrahim Hussein: Sauti Moja Mbele ya Umma

Katika historia ya tamthilia ya Kiswahili, Ebrahim Hussein, aliyezaliwa Lindi mwaka 1943, hutajwa kwanza kwa Kinjeketile (1969). Sifa hiyo anaistahili. Hata hivyo, imezaa hukumu kwamba kazi zilizofuata ni ngumu mno, na kwamba mtunzi aliipa hadhira kisogo. Makala haya yanapinga hukumu hiyo: majaribio ya Hussein ya umbo yalitokana na suala moja, nalo ni nafasi ya sauti ya mtu mmoja mbele ya umma.

Suala hilo limo tayari katika Kinjeketile. Kiongozi wa Maji Maji anatoa neno la kuwaunganisha watu, kisha neno hilo linamponyoka. Umbo la mchezo, lakini, bado ni la kikawaida: mgogoro, kilele na anguko. Mashetani (1971) inalivunja. Juma na Kitaru wanaigiza mchezo ndani ya mchezo, mmoja shetani, mwingine binadamu, na uhasama wa kitabaka baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 unajitokeza kwa ishara badala ya matukio.

Katika miaka ya 1970 Hussein aliandika tasnifu ya udaktari kuhusu tamthilia ya Afrika ya Mashariki, katika Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin Mashariki, mji wa Brecht. Lakini Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi (1976) zimemwelekea mtambaji wa ngano. Kundi la waigizaji limetoweka. Amebaki msimulizi mmoja. Kazi zinazodaiwa kuwa ngeni ndizo zilizo karibu zaidi na fasihi simulizi. Sehemu kubwa ya ugumu wake hutokana na kusomwa kimyakimya, ilhali zinadai sauti na wasikilizaji.

Kwenye Ukingo wa Thim (1988) inarejesha wahusika wengi. Mchezo huu unaitwa kwa neno la Kijaluo lenye maana ya pori, na unakumbusha kesi ya maziko ya S. M. Otieno iliyoitikisa Kenya mwaka 1987. Mjane Martha anasimama peke yake mbele ya ukoo, kama Kinjeketile alivyosimama mbele ya neno lake.

Mhakiki anayeishia kwenye Kinjeketile, basi, amelisikia swali la Hussein mara moja tu, tena kabla halijapata umbo lake.