Kibali cha ujenzi, Endebess

Kibali cha ujenzi ni ruhusa ya kaunti inayotangulia kuchimbwa kwa msingi wa nyumba. Endebess, mji ulio chini ya Mlima Elgon kwenye barabara ya Kitale kuelekea mpaka wa Suam, umo katika Kaunti ya Trans Nzoia. Zamani maombi yalipitishwa na kamati za madiwani; serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, madiwani hao wakaondoka na mabaraza yao.

Sheria inayotumika ni ya mwaka 2019 kuhusu mipango na matumizi ya ardhi. Sasa anayeamua ni waziri wa kaunti anayehusika na mipango. Kamati ipo bado, ila si ile ya madiwani, na kazi yake ni rufaa: aliyenyimwa kibali ana siku 14 za kuiendea, na asiporidhika huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kifungu kisichojulikana na wengi, ingawa kina uzito, kinasema mwombaji asiyejibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60 huhesabiwa amekubaliwa. Anayejenga bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa hadi miezi miwili, au vyote viwili.