Safari ya vizazi vitatu Taita Taveta: mwendo wa mzee, hamu ya kijana

Kila Desemba, familia nyingi huahidiana kwamba mwaka ujao zitamchukua babu au nyanya kwa matembezi. Mwaka huo hufika, karo hulipwa, kazi hubana, na magoti ya mzee huzidi kuchoka. Safari inapopatikana hatimaye, aghalabu hupangwa kwa pupa. Watu wa umri wa miaka minane hadi themanini hutiwa katika gari moja alfajiri na kuzungushwa mbugani hadi jua la utosi. Ifikapo jioni, nyanya ana miguu iliyovimba, vijana wa shule ya upili wamenuna, na waliogharamia wanajiuliza pesa zao zilienda wapi.

Kaunti ya Taita Taveta ina nafuu ambayo wengi hawajaitambua. Kutoka Voi hadi mpakani Taveta ni takriban kilomita 110 za barabara ya lami. Katika masafa hayo mafupi na viunga vyake mna mbuga ya wanyamapori, milima yenye baridi na ukungu, maziwa mawili na medani za Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Kwa sababu hiyo, jamaa hawalazimiki kufuatana unyounyo mchana kutwa. Wanaweza kutengana asubuhi, kila rika likaenda linakoweza, kisha wote wakakutana mezani jioni. Hiyo ndiyo kanuni kuu ya safari ya vizazi vitatu.

KABLA YA KUONDOKA

Jambo la kwanza ni pesa, nalo lizungumzwe wazi mapema. Jamaa aliye ng'ambo asidhaniwe kuwa atalipa yote, wala mwenye kipato kidogo asiaibishwe mbele ya lango la mbuga. Ada za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) hutofautiana baina ya raia, wakazi na wageni, na pia baina ya watu wazima na watoto. Hulipwa kupitia mtandao wa eCitizen, si kwa pesa taslimu. Hivyo basi, vitambulisho na paspoti zisiachwe nyumbani.

Jambo la pili ni majira. Mvua za masika huanza Machi hadi Mei, na za vuli Oktoba hadi Desemba. Likizo ya Agosti huangukia kiangazi, wakati ambapo nyasi ni fupi na wanyama hukusanyika penye maji. Likizo ya Desemba ni ndefu zaidi, lakini njia za udongo mbugani na milimani huenda zikateleza.

GARIMOSHI HADI VOI

Tangu reli ya kisasa (SGR) ianze kubeba abiria mwaka 2017, wazee wameepushwa adha ya kukaa kwa saa nyingi katika barabara kuu ya Mombasa. Ichaguliwe treni inayosimama vituoni, si ile ipitayo moja kwa moja, na tiketi zinunuliwe mapema ili jamaa wote wakae behewa moja. Ukaguzi kituoni huchukua muda, kwa hiyo mzee asiyeweza kusimama kwenye foleni atafutiwe msaada mapema.

Reli hupita katikati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na mara nyingine ndovu huonekana dirishani, wakiwa wekundu kwa vumbi la udongo wa huko. Hapa pana kisa ambacho hata kijana asiyebanduka kwenye simu atakisikiliza. Mwaka 1898, reli ya zamani ilipokuwa ikijengwa, simba wawili waliwaua wafanyakazi karibu na Mto Tsavo hadi kazi ikasimama. Mhandisi John Henry Patterson aliwapiga risasi Desemba mwaka huo, na mabaki yao sasa yamo katika makumbusho ya Field jijini Chicago.

Siku ya kufika iwe ya kupumzika tu.

MBUGANI

Lango la Voi la Tsavo Mashariki liko karibu na mji. Mbuga hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1948, ina ukubwa wa zaidi ya kilomita mraba 13,000, na hakuna familia itakayoimaliza kwa siku moja. Heri kuingia saa kumi na mbili asubuhi, kufika bwawa la Aruba au mwamba wa Mudanda, kisha kurejea kabla ya joto la adhuhuri.

Aidha, ni vyema kukodi magari mawili badala ya moja kubwa. Atakayechoka atarudi bila kuwakatizia wengine. Kijana mmoja akabidhiwe ramani, mwingine darubini, na mwingine daftari la kuorodhesha wanyama na ndege, kwani mwenye kazi hanuni. Ikumbukwe kwamba ni marufuku kushuka garini isipokuwa mahali palipotengwa.

Wenye siku ya ziada waende chemchemi za Mzima, Tsavo Magharibi. Maji yake hutoka chini ya vilima vya Chyulu, na mengine husafirishwa kwa bomba hadi Mombasa. Wageni hutembea kwenye kijia wakiandamana na askari wa wanyamapori na kuwatazama viboko.

MILIMANI

Baada ya joto la Voi, milima ya Taita ni faraja. Barabara kutoka Mwatate hadi Wundanyi ina kona nyingi, hivyo anayepatwa na kichefuchefu akae mbele. Sweta zisisahauliwe.

Vijana wanaweza kupanda Vuria, kilele cha mita 2,208, au kutembea katika msitu wa Ngangao pamoja na kiongozi wa eneo hilo. Wazee wabaki chini wakiota jua.

Kwa familia zenye asili ya Taita, hapa ndipo safari hupata maana yake. Zamani mafuvu ya wazee waliofariki yaliwekwa katika mapango, na baadhi ya mapango hayo yangalipo. Hayaendewi kiholela, bali kwa idhini ya wazee wa mahali. Mjukuu aliyelelewa Nairobi asiyejua neno la Kidawida aketi na nyanya, amuulize majina ya vilima na ya koo, na kuirekodi sauti yake kwa simu. Kazi hiyo haifai kuahirishwa, kwani nyanya hatakuwepo daima.

TAVETA NA MAZIWA

Njia ya kwenda Taveta hupitia Maktau, ambako Waingereza walifikisha reli ya kivita kutoka Voi mwaka 1915. Mbele kuna kilima cha Salaita, ambako majeshi yao yalishindwa na Wajerumani Februari 1916. Makaburi ya wanajeshi yako Voi, Maktau na Taveta.

Ziwa Jipe hufaa wote. Wazee huketi ufuoni wakiitazama milima ya Pare ng'ambo ya Tanzania, nao vijana hupanda mashua. Kwa kuwa mna viboko na mamba, asiyevaa jaketi la kuokolea asipande. Ziwa Chala, lililo ndani ya kreta yenye kuta za mwinuko mkali, wazee walitazame kutoka juu. Maji yake maangavu huwavutia vijana kuogelea, lakini mwaka 2002 mtalii kijana kutoka Uingereza aliuawa humo na mamba. Katazo la kuogelea litolewe kabla ya kufika, tena na mtu ambaye vijana humsikiliza.

AFYA

Malaria ipo hasa nyanda za chini, hivyo vyandarua vitumike. Dawa za shinikizo la damu na kisukari zibebwe za kutosha, tena katika mkoba wa mkononi. Kuna hospitali Voi, Wesu karibu na Wundanyi, na Taveta. Mmoja wa jamaa ajue njia ya kufika kila moja.

Siku sita zinatosha: mbili Voi, mbili Wundanyi, moja Taveta na moja ya kurudi. Familia ikitamani kuongeza kituo kingine, imuulize kwanza aliye mkubwa kuliko wote kama amepumzika.